Chokaa ya Kanisa la Kalughendo

Mwaka nilioanza kazi ya ukuta ni ule tuliokula mahindi ya njano. Wenye umri wangu wakisikia hivyo wanacheka huku wameshika tumbo. Mhogo ulikuwa umeoza ardhini kuanzia Bwera mpaka ng'ambo kwetu Congo, yakabaki majani tu. Tulikula sombe ya majani hayo asubuhi na sombe jioni, na bundu, ugali wetu, ilikuwa ya yale mahindi yaliyoletwa na malori, unga mgumu kama mchanga, ukiupika unanuka gunia. Samaki wa moshi kutoka Kasenyi tuliwaona sokoni, tukasalimiana nao, tukapita. Ukiniuliza tarehe, sijui. Ukiniuliza harufu, nitakujibu.

Mimi ni Masika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, upande wa Beni, kwa masista, halafu kalamu nikaiacha mpaka uzeeni. Ninyi wanawake wanne mliopokea ndoo zangu na mwiko wangu mliniambia: Mama, tuandikie. Haya, naandika. Habari za vyeo naziruka, maana hakuna aliyenipandisha popote isipokuwa kwenye ngazi ya mianzi. Mshahara nao nauruka. Ulikuwa mfupi, kuuruka si kazi.

Nilikuwa nimeolewa Kalughendo, kilima hiki juu ya Bwera, upande huu wa mpaka, na nilikwenda kanisani kuomba kazi ya kufagia. Nyuma ya kanisa nilimkuta mzee amekaa juu ya chungu kilichopinduliwa, anasafisha mwiko kwa kidole gumba. Huyo ndiye Bwambale, fundi wa kanisa. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa ule ukuta bila kumuuliza yeye, hata padri.

"Unatafuta nini?"

"Kazi ya kufagia, tata," nikamjibu, kama tunavyomwita baba.

"Kufagia kila mutu anajua. Leta mikono."

Nikampa viganja. Akavigeuza kama mtu anayenunua samaki.

"Iko na kidonda?"

"Hapana, tata."

"Itakuwa nayo."

Siku hiyo hiyo akanipeleka kwenye shimo. Mawe ya chokaa yalitoka Muhokya, yamekwisha kuchomwa tanuruni, mepesi kama mkate uliokauka. Yalikuwa yamerundikwa ndani ya pipa. Akanipa ndoo ya maji: mwaga. Nikamwaga. Mawe yakaanza kuchemka bila moto! Yakatoa moshi, yakapasuka, yakanguruma kama tumbo la ng'ombe, na tone moja likaruka likanikaa juu ya mguu. Kovu lipo mpaka leo. Nilirukia migomba. Bwambale alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Mutu wa Beni anaogopa mawe!"

"Na wewe ungekuwa na akili ungeogopa," nikamjibu kutoka kwenye migomba.

Akaacha kucheka. Akaokota kofia. "Huyu atafaa. Iko na mudomo. Ukuta inataka mutu wa mudomo."

Wakati ule sikuelewa ukuta utafanya nini na mdomo wangu.

Sasa yale aliyonifundisha, nayaweka hapa kwa mpango wake, msije mkasema bibi alikufa nayo. Mawe yakishatulia, unachuja ule uji kwa chekecheo, unaumwaga shimoni, unaacha maji yasimame juu yake kiasi cha kiganja, unafunika kwa majani ya migomba. Halafu unaondoka. Chokaa ya wiki mbili ni ya wavivu. Sisi tuliiacha Krismasi mpaka Krismasi, ikitoka shimoni unaikata kwa mwiko kama siagi. Mchanga ni wa mto Lhubiriha, na unauosha mpaka maji yatoke unayoweza kuona vidole vyako ndani. Manyoya ya mbuzi unaomba kwa mchinjaji, unayachambua kama pamba. Hayo ndiyo yanayoshikilia. Ukifika kwenye rangi nyeupe ya juu, unatia chumvi ya Katwe kidogo. Mikono unaipaka mawese kabla, si baada. Chokaa ikiingia jichoni usisugue. Maji mengi, mengi, na kelele ukitaka.

Na ukuta unaulowesha kwanza. Ukuta mkavu unanyonya maji ya chokaa yote, kesho yake unakuta unga. Bwambale alinipiga kwa brashi ya katani siku niliyosahau. Sikusahau tena.

Kanisa lenyewe mnalijua, lakini hamjui lilivyokuja. Lilijengwa na Padri Anselmi, Mfaransa wa ndevu, ambaye Bwambale alimchanganyia udongo akiwa kijana mwenye misuli. Padri huyo alitoka kijiji kidogo cha wakulima huko Ufaransa, na alikuja na picha moja tu, ya kanisa la kwao: kuta nene, madirisha membamba, mnara mfupi kama mtu aliyevuta mabega, na paa la mteremko mkali. Akasema hili hapa ndilo nitakalojenga. Kama alivyokuwa amewakumbuka watu wake, hivyo ndivyo alivyoyakumbuka mawe. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, akifumba macho, anasema kutoka mlangoni mpaka altareni nilikuwa natembea hatua ngapi nilipokuwa mdogo, halafu anakasirika kwa sababu miguu imekua.

Watu walimuuliza kuhusu paa. "Padri, mbona limesimama hivi, linataka kukimbia?" Akasema ni kwa ajili ya theluji, isirundikane. Wazee wakageuka kutazama milima. Theluji yetu iko juu kule, na haijawahi kushuka kusali. Lakini Padri Anselmi hakubadili hata kipimo kimoja. Na mvua zetu hizi zinazopiga kama mawe, zikifika kwenye lile paa zinateleza tu. Mtu alikosea vizuri.

Ukuta ulipokwisha, padri akauliza nani atautunza. Hapo wenyeji ndio waliotoa jibu, si yeye. Waligawana. Kila nyumba ya Kalughendo ilipewa kipande chake, kutoka dirisha mpaka dirisha, ndani na nje. Wiki ya kabla ya Pasaka kila nyumba ilikuja kwenye kipande chake na ndoo, ikaziba nyufa, ikapaka upya. Ukizunguka kanisa ulikuwa unasoma kijiji. Kipande kimeng'aa: wana wamerudi kutoka mjini. Kipande kimeambuka: mume na mke hawasemeshani. Sisi tulikuwa karibu na mlango wa wanawake, na mama mkwe wangu alikuwa akilipitisha jicho lake pale kila Jumapili kabla ya kupiga ishara ya msalaba. Bwambale na mimi tulikuwa wa kuandaa chokaa, kugawa, kukagua, na kupaka kule juu ambako watu waliogopa.

Nina kesi ngumu mbili nitakazosema.

Ya kwanza ni tetemeko. Ardhi ya kwetu inajinyoosha mara kwa mara, lakini siku ile ilijinyoosha kweli. Ufa ulishuka kutoka dirisha la pili mpaka chini, ukaingiza kidole chote. Nilikimbilia chokaa. Bwambale akanishika gauni. "Wacha. Bado inatafuta mahali pa kukaa." Tukangoja mvua mbili. Nyufa nyembamba zilijifunga zenyewe, naapa, chokaa inayeyuka kidogo na maji ya mvua, inatembea, inaziba. Ule mkubwa tuliushona kwa vipande vya vigae. Nendeni mkautafute leo. Hamtauona.

Ya pili ni vita vya ng'ambo. Watu wa kwetu walivuka mpaka na magodoro vichwani, na padri wa wakati ule akafungua milango. Walilala kanisani, wakapikia humo humo. Dada yangu wa tumbo moja alizaa mtoto chini ya dirisha la tatu. Walipoondoka kuta zilikuwa nyeusi. Moshi hauzibwi na chokaa, mjue. Unapaka leo mweupe, kesho unatokea wa kahawia kama chai. Tulisugua kwa maji ya majivu siku kumi na mbili, kisha tukapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Kivuli kimoja cha sufuria kiligoma, karibu na altare. Tulikiacha. Nacho kimezoea.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ninyi mnanisifu sana.

Bwambale alipozeeka, miguu ikakataa ngazi, mimi ndiye niliyeshika kazi. Wakati huo akaja Afande Ocen. Alikuwa sajini, mtu wa Kitgum, alikaa na familia yake kwenye kambi ya Bwera miaka mingi, na alipostaafu akanunua shamba la kahawa hapa kilimani. Mkatoliki wa kupiga magoti kabisa, na sauti ya kuamsha waliolala mstari wa nyuma. Tukamchagua mwenyekiti wa ujenzi. Jumapili ya kwanza akasimama.

"Sikizeni! Hii kanisa kila mwaka inapakwa kama nyumba ya nyasi. Kila mwaka! Hiyo ni kazi gani? Mimi na wenzangu wa kambi tumechanga. Simenti inakuja. Tunapiga mara moja, tunamaliza. Kazi iendelee!"

Lori lilikuja na simenti, na familia za askari juu yake wakiimba. Nani alipiga kigelegele cha kwanza? Mimi. Mikono yangu ilikuwa na mipasuko kila kidole, mabega yanawaka, na wanawake wananiambia, "Masika, sasa utapumzika." Nikapiga kigelegele, nikashika koleo, nikachanganya simenti kwa mikono hii hii. Tuliupiga ukuta nje na ndani, tukalaza laini, tukamwaga na sakafu ya simenti kuzunguka msingi ili mguu wa kanisa usiguse tope. Kanisa likang'aa kama benki ya Kasese. Wiki ya kabla ya Pasaka ilipofika hakuna nyumba iliyokuja na ndoo. Shimo la chokaa likawa la takataka: makokwa ya avokado, ndala zilizokatika, chupa.

Bwambale alikuja kwa fimbo mbili. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mumeivalisha nailoni."

"Tata, tumeipa koti nzuri. Furahi basi."

"Wewe unavaa nailoni, unalala nayo, jasho inaenda wapi?" Akanitazama. "Na ule mudomo yako ilikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo hakuingia ndani tena. Alisikiliza misa akiwa nje, chini ya upenu wa paa, mpaka alipofariki. Mke wake aliniletea mwiko. Niliuweka chini ya kitanda kwa sababu sikuweza kuutazama.

Mvua ya mwaka wa kwanza haikusema kitu. Ya mwaka wa pili ilileta jasho: ndani, ukuta ukalowa mpaka usawa wa goti. Mwaka wa tatu, kiunoni. Nguo za padri zikaota ukungu, rangi ikafura malengelenge, kanisa likanuka gunia. Maji yaliyokuwa yakipanda kutoka ardhini tangu enzi za Padri Anselmi yalikuwa yanatoka ukutani yenyewe, jua likipiga, hakuna aliyeyaona. Sasa tulikuwa tumeyafungia mlango. Halafu Jumapili moja, tukiwa kwenye "Nasadiki", simenti ikaachia kipande kikubwa kama ubao wa mlango, kikaanguka na nusu ya tofali imeng'ang'ania mgongoni mwake. Kwaya ilikimbia. Mpiga ngoma aliacha ngoma. Hakuumia mtu, asante Mungu, lakini pale kilipotoka matofali yalikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi.

Wakubwa wa kanisa wakaleta injinia kutoka Kasese. Alivaa viatu vyeupe, nikamhurumia. Alichukua mwavuli wake, akasukuma ncha yake ukutani. Ukazama kama kwenye ndizi iliyoiva. Akaandika: jengo limekufa, libomolewe baada ya mavuno ya kahawa. Na mchoro wa kanisa jipya akautoa kabisa, pana, la vioo, paa bapa kama la duka.

Baada ya misa tukakaa kikao. Afande Ocen akasimama, mara hii bila kelele. Akasema kuna njia mbili. Moja, tubomoe. Mbili, tufunge ukuta kwa waya na kuupiga simenti nene zaidi, ivumilie miaka michache mpaka jipya lijengwe. Tuchague.

Nilisimama. Mara hii mdomo ulikuwepo.

"Lile lori lilipokuja, mimi ndiye nilipiga kigelegele. Wote munajua. Kwa hiyo mutu wa kwanza wa kulaumu ni mimi, Afande wa pili. Lakini waya na simenti tena? Hapana. Hii ukuta inapumua. Mimi siizibi pua."

"Mama, unakataa nini? Kubomoa ama simenti?"

"Vyote."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kuivua. Simenti yote itoke. Ikauke kiangazi kizima, tuipake chokaa. Munipe mpaka mavuno ya kahawa ya mwaka unaokuja."

"Na kama ikianguka?"

"Ikianguka utanikuta pale chini na mwiko. Utajua mahali pa kuchimba."

Mtu wa nyuma akapaza sauti. "Masika! Na chokaa utatoa wapi? Chokaa ya ndala?"

Kanisa zima likacheka. Padri wetu kijana hakucheka. Alitazama lile tundu ukutani, akanitazama mimi, akasema: mwaka mmoja. Mavuno yakifika injinia atarudi na mwavuli wake. Ukizama, tunabomoa, na Mama Masika hatasema tena. Nikasema sawa.

Kesho yake nilikwenda kwenye shimo la takataka na koleo. Nilitoa ndala, chupa, makokwa, nikatoa udongo, nikatoa majani ya migomba yaliyokwisha kuwa meusi. Chini ya majani koleo likaingia mahali laini. Nikalivuta. Lilikuwa jeupe! Chokaa ya mwisho ya Bwambale ilikuwa bado mbichi, yenye maji yake, imenenepa kwa uzee, laini kuliko siagi yoyote. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikalia kama mjinga, halafu nikaenda kuchukua mwiko chini ya kitanda.

Lakini mtu mmoja havui kanisa. Nikapita nyumba kwa nyumba. Sikuomba msaada. Nilisema: kipande chenu kina homa, na kinawaita. Nyumba ya kwanza walisema wao ni watu wa kisasa. Ya pili walisema mgongo. Ya tatu, mama wa nyumba alinitazama akauliza, "Bado ni chetu?" Nikamwambia nani alikichukua? Jumamosi alikuja na wanawe wawili na mkwe. Walipoonekana pale, wa kipande cha jirani wakaona aibu, wakaja. Hata waliohamia Kasese walianza kushuka kwenye taksi Jumamosi, na nyundo kwenye mifuko ya plastiki.

Kazi ya kuvua ni hii, ishikeni. Nyundo ndogo, tindo nyembamba. Unagonga na kusikiliza: panapolia kama debe tupu, ndipo simenti imekwisha kuachia, anzia hapo, ingiza tindo kwa ubavu, inua. Usipige moja kwa moja, utaondoka na tofali. Ile sakafu ya simenti ya kuzunguka msingi tuliivunja yote, tukachimba mfereji, tukaujaza mawe ya mto. Siku ya kwanza ya jua baada ya kuvua upande wa mashariki, ukuta ulitoa mvuke. Tulisimama tukiutazama ukifuka asubuhi nzima.

Watu wa Bwera walikuja kutucheka. "Kanisa la Kalughendo limevuliwa nguo! Mufunike basi, Bikira anaona haya!" Niliwaambia mgonjwa akiogeshwa huwa anavuliwa, na kama wana mikono waje.

Jumamosi ya tatu akatokea Afande Ocen. Alikuwa na nyundo mpya. Akasimama mbali, katikati ya uwanja, huku kila nyumba iko mahali pake. Yule mwanaume wa sauti hakujua aweke miguu wapi.

"Mama. Mimi nifanye wapi? Kwetu Kitgum. Mimi sina kipande."

Nilimpeleka nyuma ya sakristia, upande mvua inakotokea, palipooza kuliko pote. Nyumba iliyokuwa nacho ilikwisha, hakuna aliyebaki.

"Hiki ni chako. Na cha watoto wako, na cha watoto wao. Pasaka nitapita kukagua."

Alivua kofia. Akautazama ule uozo kutoka juu mpaka chini, akanitazama mimi, akapiga saluti.

"Ndiyo, afande," akasema. Kwangu! Wanawake waliangusha tindo kwa kicheko.

Tuliuacha ukuta uchi kiangazi chote. Matofali yaliyokufa tuliyatoa moja moja, tukaweka mengine ya kuchomwa vizuri. Baada ya mvua fupi tukaanza chokaa: mkono wa kwanza unaurusha, usiulaze, wa pili unabana kwa ubao, wa tatu mwembamba kama ngozi ya maziwa. Tulitundika magunia mabichi yasikauke haraka. Juu kabisa nilipanda mimi, na mjukuu wangu wa kike wa kwanza alikuwa amekwisha kuolewa. Wakaniambia shuka, Mama, utaanguka. Nikawaambia nikianguka nitaanguka kwenye kitu nilichokipaka mwenyewe. Sikuanguka.

Mavuno ya kahawa yalifika, na injinia naye, na mwavuli. Kilima kizima kilikuwa kimezunguka. Akachagua pale pale pa zamani, akasukuma. Akasukuma kwa mikono miwili. Akaegemea. Mwavuli ukapinda kama ndizi, na yeye akabaki ameukumbatia ukuta. Eh, kelele zilizopigwa siku ile zilisikika mpakani! Afande Ocen alinibeba, mimi na uzito wangu, akazunguka nami kanisa. Injinia hakukasirika, namsifu. Akafungua daftari akaniuliza mchanganyiko. Nikamwambia chokaa moja, mchanga tatu, manyoya ya mbuzi, na usiharakishe. Aliandika yote mpaka mbuzi. Halafu akaichana ile barua yake ya zamani mbele ya padri.

Habari zilifika mbali kuliko nilivyodhani. Padri wetu alituma picha kwenye kile kijiji cha Ufaransa, na mwezi uliopita, kwenye sherehe ya kunistaafisha, akaja mwanamke wa huko, Madamu Odile, mzee kama mimi, mfupi kama mimi, ndiye anayelitunza kanisa lao. Kifaransa changu ni cha masista wa Beni, maneno ishirini, lakini yalitosha. Aliposhuka garini akaliona kanisa, akaweka mkono mdomoni. Akazunguka peke yake. Alipita mlango wa wanawake, akahesabu hatua mpaka altareni kwa sauti, na alipofika akaanza kulia, kwa sababu hesabu ilikuwa sawa na ya kwao. Akatoa picha. Kanisa letu hasa! Ila limezama kwenye theluji mpaka madirishani, na paa limesimama safi, halina hata kidogo. Watu walinyang'anyana picha ile. Kwenye picha nyingine ukuta wao ulikuwa uchi, mwekundu, na wanaume wako juu ya ngazi wanagonga. Babu zao waliupiga simenti, akasema, nao wameivua wakilia kama sisi. Akashika mkono wangu akaugeuza. Nami nikaugeuza wake. Mipasuko ya chokaa ilikuwa mahali pamoja.

Sherehe ilikuwa kubwa. Kila nyumba ilikaa mbele ya kipande chake, na vyakula vyao. Bundu ya mhogo, samaki wa Kasenyi, ndizi, nyama. Padri alisimulia, kwaya iliimba, Afande alinivika kitenge. Watoto wangu wote saba walikuwepo, na wajukuu sikuweza kuwahesabu, walikuwa hawatulii. Nilikaa kama malkia, siwafichi. Nilistahili.

Halafu akasimama mheshimiwa mmoja, mtoto wa Maliba aliyefanikiwa mjini, mgeni wa heshima, suti ya kung'aa. Alinisifu kwa maneno mazuri. Akasema kanisa kama hili ni urithi, na urithi lazima uimarishwe. Kwa hiyo yeye, kwa heshima ya Mama Masika, ameleta zawadi. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. Lori lilikuwa limesimama pale, limejaa mpaka juu. Simenti.

Mpiga ngoma akapiga mara mbili kwa mazoea, akaacha. Wanawake wawili walianza kigelegele kikawafia kooni. Padri alitazama viatu vyake. Mnajua kwetu zawadi ya mkubwa, mbele za watu, haikataliwi. Ukiikataa umemvua nguo, na kijiji kitakula matunda yake. Nikazungusha macho kwenye vile vipande, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilikuwa inanitazama mimi. Afande Ocen akainama sikioni kwangu. "Mama, amri ni yako."

Nikasimama. Nikainama kwa heshima, nikamwambia wasingya, mheshimiwa, asante sana. Tuna shule ambayo haina vyoo, simenti hii itafanya kazi nzuri huko, na jina lako tutaliandika mlangoni. Watu wakaanza kucheka, nikawatuliza kwa mkono.

Yeye mwenyewe alicheka, maskini, lakini hakukata tamaa. "Vyoo sawa. Lakini kidogo tu kwa ukuta, Mama? Pale chini tu, mahali mbuzi wanajikuna? Kwa heshima yangu?"

Nilimtazama machoni.

"Hapana. Hii ukuta inapumua. Mimi siizibi pua."